Kabla hujapiga hodi: mwongozo kwa mwanafunzi anayetaka kufanya utafiti na jumuiya za wanawake Unguja na Pemba

Barua huja zikifanana. "Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nachukua masomo ya jinsia, naomba jumuiya yenu inisaidie kupata wahojiwa 30." Chini pana saini na muhuri. Mwenyewe kasimama mlangoni, mkoba begani, madodoso yameshatolewa kopi Darajani, na muda alionao ni wiki mbili.

Nimekaa pande zote mbili za mlango ule. Mwaka wangu wa pili chuoni mwenye mkoba nilikuwa mimi. Leo niko upande wa meza, katika jumuiya ndogo ya wanawake, na barua zinanijia mimi. Hapa naandika yale ninayotamani kila anayepiga hodi awe ameshayafanya. La kwanza ulielewe hili: mama wa kijijini akikukaribisha mkekani, anaikaribisha ile jumuiya iliyokuleta, anayoijua kwa miaka. Unatembea na jina la watu. Hatua zote zilizo chini zimetoka hapo.

Hatua ya 1: Tafuta jumuiya kwanza, mada baadaye

Najua chuo kinataka mada mwanzo. Peleka iliyo pana, ipite, kisha nenda ukaulize.

Jumuiya si za aina moja. Ziko kubwa zenye ofisi na kumbukumbu za miaka mingi: TAMWA Zanzibar, ya waandishi wa habari wanawake, jumuiya ya wanasheria wanawake ZAFELA, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, na kwa upande wa Pemba, PEGAO, ya jinsia na mazingira. Huko utapata mtu wa kukuongoza, lakini foleni ni ndefu na aghlabu swali lao limeshafungwa ndani ya mradi. Na viko vikundi vidogo, vya ushirika na vya hisa, yaani vya kuweka na kukopa: wakulima wa mwani, watengeneza sabuni, wafuga nyuki. Hawana ofisi, daftari la mikutano analiweka katibu chini ya mto, lakini maswali yao bado mabichi. Kwa anayesoma shahada ya kwanza nashauri kikundi kidogo, ukifikie kupitia jumuiya kubwa inayokijua.

Siku ya kwanza nenda bila dodoso. Kaa kwenye mkutano wao, sikiliza, mwisho uliza swali moja: kuna jambo gani mnabishana nalo kila mkutano na hamjapata mtu wa kulifuatilia? Kisha nyamaza. Litachukua muda.

Mwanafunzi mmoja alitujia na "Changamoto zinazowakabili wanawake wakulima wa mwani." Akina mama walimsikiliza kwa adabu. Changamoto wameulizwa tangu mwani ulipoanza kulimwa kibiashara mwambao wa mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, wanazijua kwa moyo: bei, maji kupata moto, kotonii, ile aina ya mwani yenye bei nzuri, kufa. Alipomaliza, mweka hazina akamwambia, "Mwanangu, hayo yameshaandikwa. Sisi tunataka kujua mabinti zetu wakimaliza skuli kwa nini hawataki kuingia pwani, na huko wanakokwenda wanapata nini." Msimamizi wake alinung'unika kidogo, lakini mada ikabadilika, na kwa mara ya kwanza nilimwona katibu akimpigia simu mwanafunzi kumuuliza amefikia wapi.

Hatua ya 2: Karatasi moja ya makubaliano

Iwe moja kweli, kwa Kiswahili. Sauti mtakazorekodi anazitunza nani, na zinafutwa lini? Jina la jumuiya litajwe au lisitajwe? Nauli na chai analipa nani? Jumuiya inapata nini, na tarehe ngapi? Halafu lile ambalo kila mtu huliona aibu kuliuliza: matokeo yakiwa machungu itakuwaje? Jumuiya inaishi kwa wafadhili, na kikundi kinaweza kukwambia mambo kuhusu viongozi wake ambayo viongozi hao hawatapenda kuyasoma. Andikeni mapema kwamba jumuiya itasoma rasimu, itatoa maoni, na maoni yataingia hata ukiwa hukubaliani nayo, ila haitafuta maneno ya wanachama. Sisi tuliwahi kuliacha hili kwa kuaminiana, tukaja kugombana mwezi mzima kwa aya mbili.

Hatua ya 3: Vibali, mpaka kwa sheha

Chuo kitakupa barua, nayo utaipeleka kuombea kibali cha utafiti cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kibali cha bara peke yake hakitoshi huku, na wenzetu wanaovuka kutoka Dar es Salaam mara nyingi hulijua hilo wameshateremka bandarini. Utafiti unaogusa afya, hata ukiwa unauliza uzazi wa mpango tu, unapita pia kwenye maadili ya utafiti wa afya; anzia ZAHRI, Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar. Baada ya hapo mkoa, wilaya, na mwisho sheha. Jipe miezi mitatu.

Sheha usimkwepe. Ni mteule wa serikali, anajua kila nyumba ya shehia yake, na ukipita bila kumwona utaonekana una lako jambo. Tabu inaanza pale anapokwambia, kwa ukarimu kabisa, "Wewe tulia, nitakukusanyia akina mama hapa hapa barazani kwangu." Ukikubali utaletewa wale wale 12 wanaoitwa kila akija mgeni, na watasema yale yale, naye kakaa pembeni na kanzu yake anaitikia kwa kichwa.

Mimi husema hivi: "Ahsante sana sheha. Tatizo chuo kimenitaka nizungumze na kila mmoja faraghani. Leo naomba unitambulishe tu, na siku ya kuondoka nitakuja kukuaga na kukueleza nilikopita." Kilaumu chuo bila wasiwasi. Kiko mbali, hakitakasirika. Na kumuaga uende kweli, kwa sababu anayekuja baada yako atapokewa kwa kumbukumbu yako wewe.

Kama mtafiti ni mwanamume, mipango ya kukaa faragha na wake za watu aisahau. Afanye kazi na mwenzake mwanamke, yeye ashike vikundi vya wanaume, ambavyo wanafunzi wetu huviruka kana kwamba jinsia ni habari ya wanawake peke yao.

Hatua ya 4: Ipange kazi kwa maji na mwezi

Mwaka ule wa pili nilishuka daladala kijiji kimoja cha mashariki mwa Unguja, saa tatu na nusu asubuhi, viatu vya ngozi na dodoso la maswali 46. Milango imerudishwa, njia nyeupe, hakuna mtu. Bibi mmoja tu kakaa kizingitini, mjukuu kamlalia pajani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umemtafuta nani?"

Nikamweleza: kikundi cha akina mama, utafiti, chuo. Akanitazama viatu, akacheka mpaka mtoto akaamka. "Leo bamvua. Leo hata paka yuko pwani."

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hukauka sana mnamo saa nne, saa tano asubuhi, na mwenye mwani yuko ndani ya maji mpaka yamrudishe. Yakiingia maji mafu, yale yasiyokauka sana, utamkuta nyumbani anaanika, anachambua, anafunga taitai, vile vikamba vya kushikia mwani, kwenye kamba. Hiyo ndiyo wiki yako. Siku hizi ratiba ya maji ipo kwenye simu. Mimi bado namuuliza mvuvi.

Pemba uliza karafuu. Msimu hauji sawa kila mwaka, lakini ukifika nyumba nzima inahamia huko: mchana wanachuma, usiku wanawake na watoto wamelizunguka rundo, wanatoa makonyo, vile vijiti vya karafuu, kwa mkono. Usimkalishe mtu mbali na rundo lake. Kaa nawe utoe makonyo, na mazungumzo yatakayotoka hapo ni mazuri kuliko ya dodoso lolote, ila ujue yanasikiwa na watu kumi. Lile la faragha lingoje.

Ramadhani unaweza kuzungumza asubuhi nusu saa. Baada ya alasiri jiko linamngoja mwenyewe. Masika angalia njia. Ijumaa pumzika. Na mwenye eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, usimwendee na rikoda hata jina lake likiwa la kwanza kwenye orodha. Nenda kampe mkono wa pole, urudi.

Hatua ya 5: Maswali yapite midomoni mwao kwanza

Nirudi kwa yule bibi, maana siku ile sikuondoka. Nilikuwa na madodoso, nikaona angalau nijaze moja. Swali la saba: "Unafanya kazi gani?"

"Sina kazi mwanangu. Nimekaa tu."

Mikono yake haikusimama. Miaa, majani ya kusukia, ililowekwa kwenye beseni, ukili aliokuwa akiusuka ulikuwa umejikunja kama nyoka miguuni pake, pima kadhaa, na kila mjukuu alipojigeuza aliushika kwa vidole vya mguu ili usifumuke. Nikaandika: hana kazi. Jibu hilo lipo kwenye tasnifu yangu mpaka leo, ndani ya jedwali, limehesabiwa kwenye asilimia.

Kwetu "kazi" ni ya mshahara, ya kuondoka asubuhi na kurudi jioni. Ukiuliza kazi, wanawake wengi watajitoa wenyewe kwenye hesabu. Uliza siku: "Nihadithie jana, tangu adhana ya alfajiri mpaka ulipolala." Hapo vitatoka maji, kuni, ng'ombe wa kupelekwa majani, ukili, makumbi ya nazi aliyoyafukia ufukweni miezi iliyopita na sasa anayaponda asokote kamba, mgonjwa wa kulishwa, mikate ya kuuza skulini asubuhi. Ukimaliza muulize ipi kati ya hizo anaiita kazi. Jibu la swali hilo peke yake linatosha sura nzima ya tasnifu.

Pesa ni vivyo hivyo. "Nani anaamua matumizi ya nyumba?" utajibiwa "baba" au "tunashauriana", kwa sababu ndivyo inavyopendeza kusema mbele ya mgeni. Mrudishe kwenye pesa yenyewe: mara ya mwisho mlipouza mwani, ile pesa ililala kwa nani usiku ule? Ilinunua nini mwanzo? Nani alijua ni kiasi gani?

Maneno mengine yamechoka. Ukisema "usawa wa kijinsia" utapewa majibu ya semina. Ukisema "ukatili wa kijinsia" wataelewa, lakini neno lililokaa midomoni mwa watu huku ni udhalilishaji, na wengi wakilisikia huwaza ubakaji na watoto tu. Mume kumnyima mkewe matumizi, au kumwacha juu ya mawe bila talaka, hawaliweki humo. Usiwasahihishe, andika wanaliweka wapi.

Makunduchi na Tumbatu usijidanganye na Kiswahili chako cha mjini. Wazee wakizungumza wenyewe kwa wenyewe utaachwa njiani. Tafuta msichana wa hapo wa kukusaidia, ila asiwe mkwe wala wifi wa unayemhoji.

Kisha lijaribu dodoso kwa watu watano wa kikundi. Langu la 46 lingejaribiwa lingebaki na 12.

Hatua ya 6: Ridhaa

Fomu ya chuo ina kurasa mbili na mstari wa saini. Mama aliyewahi kuona kiwanja cha familia kinakwenda kwa karatasi iliyotiwa dole gumba hatatia saini mbele ya mgeni, na ana haki. Omba chuo kikuruhusu ridhaa ya mdomo, irekodiwe mwanzo wa mazungumzo. Msomee taratibu: nani anataka habari hizi, zitakwenda wapi, anaweza kukataa swali, anaweza kusimamisha kabisa. Akisema "ngoja nimuulize bwana kwanza", usimshinikize na wala usimhurumie. Mwache aulize. Wengine ni kweli, na wengine wanakwambia hapana kwa adabu.

Kuficha majina kuna mtego ambao wanafunzi wote huuingia. Umeandika: "Mhojiwa wa 4, miaka 41, mjane, watoto saba, katibu wa kikundi." Shehia nzima imeshamjua. Ondoa cheo, ondoa idadi ya watoto, badala ya umri weka rika. Nukuu kali ambayo mwenyewe hujulikana kwa maneno yake, iache. Na picha usiipandishe kwenye makundi ya simu "kwa ajili ya kumbukumbu". Siku hiyo hiyo itafika kwa shemeji yake Muscat.

Hatua ya 7: Ukiambiwa jambo zito

Kama mada yako haihusu udhalilishaji usiuchokonoe. Lakini utaambiwa, aghlabu rikoda ikishazimwa, mnapoagana mlangoni. Kwa hiyo kabla ya kwenda uwanjani kaa na jumuiya mkubaliane utafanya nini, na uwe na namba za watu wa jumuiya wanaoshughulikia kesi, si za mradi uliokwisha. Jua kituo cha Mkono kwa Mkono kilicho karibu. Vipo hospitali ya Mnazi Mmoja na hospitali nyingine za Unguja na Pemba, na mwathirika hupata hapo hapo matibabu, ushauri nasaha na polisi. Jua lilipo dawati la jinsia na watoto, na nani anatoa msaada wa sheria bure.

Kwa mtu mzima, uamuzi ni wake. Mweleze njia zilizopo, mwulize kama anataka kusindikizwa, basi. Usimwite mumewe "muyazungumze", na usimwambie sheha. Kwa mtoto huna siri ya kuweka: mwambie kiongozi uliyekubaliana naye siku hiyo hiyo. Jambo hili liseme tangu kwenye ridhaa, asije mtu akajiona amesalitiwa.

Na wewe mwenyewe tafuta wa kuzungumza naye. Nimewaona wasichana wanarudi dakhalia, bwenini, wanafungua kompyuta na kunukuu sauti zile peke yao mpaka usiku wa manane. Usifanye hivyo.

Hatua ya 8: Nauli, chai, na mkono mtupu

Fuata kiwango cha jumuiya, usizidishe. Ukizidisha, anayekuja baada yako hataweza, na mkutano wa kawaida wa kikundi utaonekana hauna faida. Aliyepoteza saa mbili za kazi mrudishie nauli na chai, waziwazi, na iandikwe. Ukienda kwake nyumbani hiyo ni habari nyingine: umekuwa mgeni, na mgeni haendi mkono mtupu. Kilo ya sukari inatosha. Ukikaribishwa muhogo, kula.

Hatua ya 9: Rudi kabla hujamaliza kuandika

Wengi wetu hurudi, kama tunarudi, na kitabu kilichojaladiwa. Hapo hakuna la kurekebisha. Rudi na rasimu.

Mwanafunzi wa mada ya mabinti alirudi na karatasi kubwa tatu akazibandika ukutani kwa gundi. Kwenye ya pili aliandika: "Waume huwasaidia wake zao kubeba mwani." Akasoma kwa sauti. Pakawa kimya, kisha mama mmoja nyuma akasema, "Wansaidia?" Kicheko. Ndipo wakamweleza: mwanamume anakuja na baiskeli siku mwani umeshakauka. Anautoa nyumbani kuupeleka kwa mnunuzi, anasimama kwenye mizani, na pesa inahesabiwa mkononi mwake. Kubeba ni kweli anabeba. Binti anakaa pembeni anatazama hiyo mizani kila mwezi tangu ana miaka saba. "Sasa wewe andika kwa nini hataki kuingia pwani."

Aliichana ile karatasi. Sura ya nne ikaanzia kwenye mizani.

Kipindi hicho kigharamie tangu mwanzo kwenye bajeti: nauli, karatasi, chai na maandazi. Kiwe wakati wa maji mafu, baada ya alasiri, na atakayesoma matokeo awe mmoja wa kikundi. Kitabu kizima acha nakala kwa jumuiya, na chuo na serikali wapewe zao. Kwa kikundi andika kurasa mbili za Kiswahili chepesi, herufi kubwa, bila "mbinu mseto" wala "nadharia tete". Piga kopi nyingi kuliko idadi ya wanachama, kwa sababu kila mmoja atataka yake aende nayo nyumbani asomewe na mtoto, na moja mweka hazina ataikunja aitie kwenye sanduku la hisa, lile la kufuli tatu, pamoja na pesa.